Mhandisi Aliyekataa Kuilazimisha Mashine

Mtu akimpigia simu kumwambia kwamba mashine imekufa, Mhandisi hakusikitika wala hakuharakisha. Alikuwa na swali lake moja tu: "Yasema nini?" Ukijibu kwamba haisemi kitu, imekataa tu kuwaka, alinyamaza upande wa pili mpaka ukaona haya, ukarudi kwenye skrini, ukasoma. Ukisoma kwa pupa alijua. "Rudi nyuma, binti. Hapo katikati pana neno umelimeza." Nilikuwa mama wa watoto wawili siku ya kwanza aliponiita binti, na mpaka mwisho nilibaki binti. Jina langu sina hakika kama aliwahi kulishika.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika hospitali moja ya binafsi kule Changamwe, nje ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya malori yanayotoka bandarini. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili: eksirei, na zile za skani ambazo mgonjwa hulala juu ya kitanda kinachoingia katikati ya duara kubwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mitambo hiyo yote inaamka asubuhi. Habari za kwao, za wazazi wake na za masomo yake, sikuzipata na sikuzitafuta. Nilijua anakaa Magogoni, nilijua mkewe alikuwa ameshafariki, na nilimsikia akisema Kiswahili cha Mombasa ya zamani, taratibu, kila neno akilimaliza. Sisi wengine wazazi wetu walitoka bara kufuata kazi za bandari na viwanda. Kiswahili chetu alikisahihisha bila kuombwa, mbele ya wagonjwa.

Chini ya meza yangu palikuwa na kompyuta yenye mfumo wa zamani uitwao Unix, sanduku zito la kijivu lililokuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wauguzi wetu. Skani haikuweza kufanya lolote bila hiyo. Ndiyo iliyoipa amri, ikapokea picha, ikazihifadhi. Walioitengeneza walikwisha kuacha kutoa vipuri vyake. Mkurugenzi wa hospitali aliahidi kila mwaka kununua nyingine, pamoja na kifaa cha kuwekea nakala za picha, na kila mwaka kitu kingine kikatangulia: jenereta, maegesho ya magari, rangi ya wodi ya wazazi. Mhandisi alikuwa akienda ofisini kwake kumkumbusha, akarudi, akaketi mbele ya sanduku lake bila kusema aliyoambiwa. Tuliyajua kwa namna alivyovua kofia akaiweka juu ya goti.

Mara moja tu alikaa akanieleza jinsi mashine ile ilivyoamka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kurudia, nilisikiliza.

"Kompyuta hii ikiamka haijui kitu," alisema. "Kila inachokijua kimo ndani ya diski, na mahali pa kuanzia twapaita mzizi. Basi jambo la kwanza ni kuutafuta ule mzizi iupachike, ndipo ipate kuviona vilivyobaki. Ikishindwa kuupachika, husimama papo hapo ikakwandikia sababu. Nyinyi mwaona maandishi meupe mwasema imekufa."

"Kwani haijafa?"

"Imekwama mlangoni. Anayekufa haandiki."

Kisha akanipa maswali yake, ambayo wote tuliofanya kazi katika chumba kile ilitubidi kuyajua. Je, diski haipo kabisa? Au ipo, lakini mashine yaitafuta kwa jina lisilo lake? Au ipo, na jina ni lile lile, ila ndani yake mambo yamevurugika? Alisema mtu asiyetenganisha mambo haya atamtia mgonjwa wa mguu dawa ya macho.

Nakumbuka fundi kijana aliyetumwa kutoka Nairobi na kampuni iliyotuuzia skani. Alifungua sanduku akafuta vumbi, akatia diski ya pili, akafunga. Mashine ikakataa kuamka. Kijana alihangaika nayo mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mkuu, hii diski imeenda," akasema Mhandisi alipoingia.

"Imekwenda wapi?"

"Imeenda tu. Si unaona imekataa? Tununue ingine."

Mhandisi alivuta kiti, akasoma mstari kwa mstari huku kidole kikitembea juu ya kioo. Diski haikuwa na kasoro. Kwa kuongezwa ile mpya, nyaya zilibadilishana nafasi, ya zamani ikawa ya pili, na mashine ikawa inautafuta mzizi wake ndani ya diski tupu. Aliandika jina jipya pale mwanzoni, ikaamka. Kisha akalirekebisha lile faili dogo linaloeleza kila diski ipachikwe wapi, isije ikapotea tena. Wakati wote ule hakumtazama yule kijana wala hakumlaumu, na nadhani kijana angependa alaumiwe.

Nisimfanye malaika, hata hivyo. Siku nyingine, baada ya yeye mwenyewe kuingiza toleo jipya la mfumo, mashine ilikataa kuupachika mzizi, naye akashikilia kwamba ni jina. Alishinda asubuhi nzima akibadilisha majina. Yule yule kijana wa Nairobi akasema kwa simu kwamba labda toleo jipya limekosa programu ya kuiona diski. Mhandisi akamwambia hayo ni maneno ya mtu aliyeko mbali. Adhuhuri akajaribu, na ndivyo ilivyokuwa. Alimpigia simu pale pale mbele yetu. "Ulilosema ndilo," akasema. "Mimi nilikuwa mkaidi. Niwie radhi." Akaikata simu, akarudi mbele ya sanduku lake.

Kwa watu hakuwa mwepesi. Harusi zetu hakuja, na misiba alikuja akakaa karibu na mlango. Wafagiaji walimwogopa kwa sababu hakutaka ndoo zao za maji karibu na mitambo. Lakini mtoto akiletwa kupigwa skani, akalia kwa kuliogopa lile duara, Mhandisi alikuwa akiacha alichokishika, anakwenda kumwonyesha jinsi kitanda kinavyokwenda na kurudi. Hakumbembeleza. Alimweleza, kama alivyonieleza mimi, na mara nyingi mtoto alinyamaza ili asikie.

Damu hakuweza kuiona. Akiletwa majeruhi alitoka nje akasimama upande wa jenereta, uso umeelekea ukuta. Na mtu huyu ambaye hakugusa diski kabla ya kuitazama kwa namna ya kusoma tu, bila kuandika kitu juu yake, hakukubali hata siku moja kupimwa mwili wake. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Alikuwa na kiu isiyokwisha, alikonda, na kidonda cha kidole cha mguu kilikaa msimu mzima. Wauguzi walimwambia. "Nitakuja inshallah," akajibu, na maabara ilikuwa mlango wa pili kutoka kwetu.

Jambo alilolikataza kuliko yote lilihusu programu ya ukaguzi. Diski ikivurugika kuna programu ya kuikagua, nayo huuliza maswali njiani: nikirekebishe hiki, nikifute kile? Maswali yaweza kuwa mamia. Kuna njia ya mkato ya kuiambia mapema ijibu ndiyo kwa yote, na mafundi wengi huitumia. Yeye hakuitumia. Alisema ile ndiyo ya jumla ni kumpa mtu kisu ukafumba macho. Kwanza tazama bila kuandika. Kisha toa nakala. Kisha ndipo urekebishe, tena kwenye nakala.

Sasa niseme ya siku ile.

Umeme wa Changamwe ulikuwa umepanda na kushuka tangu alfajiri. Mashine ilijizima, nami nilipoiwasha ikasimama: haikuweza kuupachika mzizi. Nilimpigia simu nikamsomea, neno kwa neno. Alipofika nilimsikia akivuta pumzi kabla hajaketi. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye sanduku.

"Sikiza," akaniambia.

Ndani palikuwa na mlio mdogo, kama ukucha unaogonga bati, unakoma, unaanza tena.

"Jina ni lake na diski ipo," akasema. "Hii yafa kweli."

Ndipo akaletwa yule majeruhi. Alikuwa mfungaji wa maturubai ya malori kwenye yadi moja ya karibu. Aliteleza juu ya mzigo akaangukia kisogo. Wenzake walisema aliinuka mwenyewe, akacheka, akaomba maji. Alipofika kwetu alikuwa anajibu kwa shida, na jicho moja lilikuwa na mboni kubwa kuliko la pili. Mkewe alikuja nyuma yake mbio, miguu mitupu, leso imemwanguka mabegani. Daktari wa upasuaji alisema damu inamjaa ndani ya kichwa, lakini hawezi kulifungua fuvu bila kuona imekaa wapi. Aliitaka skani.

Mkurugenzi mwenyewe akashuka. Alisimama nyuma ya kiti cha Mhandisi.

"Iamshe."

"Diski inakufa," Mhandisi akasema. "Nataka kwanza kuitoa nakala, na nakala yataka saa nyingi."

"Saa hizo hatuna. Kuna ile njia yenu ya kulazimisha. Ilazimishe."

"Nikiilazimisha kuandika na hali hii huenda isisomeke tena. Humu mna picha za kila mgonjwa tuliyempiga. Wa saratani ambao madaktari wanalinganisha uvimbe wa jana na wa leo, zao zote ziko humu. Hatuna mahali pengine. Nilikwambia hatuna."

"Mtu yuko kwenye machela."

Mhandisi aligeuka. Machela ilikuwa mlangoni, na damu ilikuwa imekauka sikioni mwa yule mtu. Hakutoka nje safari hii. Alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akaniuliza mimi kama ambulensi iko. Nikasema iko.

"Mpelekeni kisiwani, kwenye hospitali kubwa. Skani yao inafanya kazi. Nendeni sasa hivi, msinisubiri mimi."

"Ukiilazimisha itachukua muda gani?" daktari akauliza.

"Ikikubali, nusu saa. Siwezi kusema itakubali."

Mkurugenzi akamwamuru tena, kwa jina lake kamili. Mhandisi alichomoa waya wa umeme ukutani, akaukunja, akaushika mkononi. Hilo ndilo jibu alilotoa. Daktari hakungoja zaidi, wakamsukuma mgonjwa nje. Ambulensi ilikuta malori yamefunga barabara mpaka kwenye mzunguko, na yule mtu alifia njiani kabla hawajavuka kuingia kisiwani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Tulipopata habari, Mhandisi alikuwa ameshaichomeka ile diski kwenye kompyuta nyingine na ameanza kuinakili. Alianza na sehemu ya picha, mzizi akauacha mwisho. Nilimwambia kwamba amefariki. Alisema maneno wanayosema Waislamu mtu akifa, kwa sauti ndogo, na mikono yake ikaendelea na kazi. Wauguzi walioiona mikono ile ikifanya kazi hawakumsamehe.

Kesho yake picha zote zilikuwa zimetoka, zikiwa na kasoro chache. Alipofika kwenye mzizi, ile diski iligonga, ikagonga, ikanyamaza, na haikusema tena. Nilikuwepo. Alijaribu kila alilolijua, kisha akaniita nisome kwenye skrini. Sehemu iliyokuwa imeharibika ndiyo ile ambayo programu ya ukaguzi huanza nayo. Zilikuwepo nakala zake za akiba kwingine ndani ya diski, nazo pia hazikusomeka.

"Kwa hivyo ungeilazimisha..." nilianza.

"Isingeamka," akasema. "Ingekufa pale pale, na picha zikafa nayo."

"Basi waambie. Mwambie Mkurugenzi, na wenye msiba waambiwe."

"Wewe usimwambie mtu," akasema, tena kwa ukali ambao hakuwahi kunisemesha nao. Sikuelewa, lakini nilimtii.

Baada ya mazishi, mke wa marehemu alikuja na shemeji yake kuuliza. Tuliitwa ofisini: daktari, mimi na Mhandisi. Mkurugenzi alizungumza vizuri. Alisema hospitali inawapa pole, kwamba mgonjwa alifika akiwa amechelewa, na kwamba kwa hali ile hata skani isingemsaidia. Yule mwanamke alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua pindo la leso. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Hakuchelewa," Mhandisi akasema.

Mkurugenzi akamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

"Alifika akiwa na nafasi. Mashine yetu ilikuwa mbovu, na palikuwa na njia ya kuilazimisha. Mimi ndiye niliyekataa, kwa ajili ya picha za wagonjwa wengine. Hawa waliniambia niilazimishe."

Shemeji mtu alisimama. Alikuwa kijana mwenye mikono ya kubeba mizigo, na nilidhani atampiga. "Ungeilazimisha ingeamka?"

Nilimtazama Mhandisi. Nilijua analijua jibu, na neno moja lilitosha kumtoa pale.

"Wakati ule sikujua," akasema. "Pengine ingeamka."

Yule kijana alimtemea mate kifuani. Mhandisi hakujifuta mpaka walipotoka.

Hakufukuzwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuiweka hai mitambo ile. Mkurugenzi hakusema naye tena isipokuwa kupitia kwa katibu wake. Kompyuta nyingine ilinunuliwa, na kifaa cha nakala, haraka, kama vile fedha zilikuwa kwenye droo siku zote. Kwenye chumba cha chai watu walihama meza aliyokaa. Wapo wagonjwa wa saratani ambao madaktari walilinganisha picha zao wakabadilisha dawa mapema, na baadhi yao wako hai leo. Hao hawakujua kitu, na hakuna aliyewaambia.

Yule mwanamke alipomaliza eda ya kwao alianza kuuza viazi karai na mahamri nje ya hospitali, upande wa pili wa barabara. Sijui kama ni kwa kukosa pengine au kwa kutaka kutuona. Mhandisi alikuwa na pikipiki kuukuu ambayo zamani aliiegesha uani. Tangu hapo akawa anaiegesha nje, mbele ya meza ya yule mwanamke, na kila asubuhi alisimama, akavua kofia, akamwamkia.

"Habari za asubuhi, mama."

Hakujibiwa hata siku moja. Yeye alingoja muda wa mtu kujibu, kisha akavaa kofia akavuka barabara. Kuna siku nilimuuliza kwa nini asinunue chochote, angalau andazi. Alikasirika. Alisema kununua ni kutaka kulipa, na hilo si jambo la kulipwa. Nikamuuliza basi kwa nini anajitesa kusimama pale, wakati mlango wa uani upo. Alisema mtu akiwa na hasira na wewe, haifai umsumbue kukutafuta.

Macho yalianza kumfifia polepole. Alikuwa akisogeza pua kwenye skrini, kisha akawa ananiita nisome. Siku moja pikipiki iliingia mtaroni mbele ya lango, akainuka na damu kwenye goti, akasema ni mchanga. Hatimaye daktari mmoja alimshika mkono kwa nguvu akampeleka mlango wa pili, maabara. Sukari ilikuwa imemla ndani miaka mingi. Aliondoka kazini bila sherehe. Mkurugenzi alituma keki, nayo haikukatwa.

Nilimwendea Magogoni mara kwa mara. Alikaa kwa dada yake, mjane kama yeye, katika chumba kilichoangalia ua. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Aliona mwanga na kivuli tu. Hakuuliza habari za hospitali, na mimi nilijifunza kutozileta. Nilimsomea simu yake, ujumbe wa jamaa na wa msikitini, naye alisahihisha matamshi yangu.

Muda mfupi kabla ya safari yangu moja ya Magogoni, yule mwanamke wa viazi aliniita nilipokuwa navuka barabara. Hatukuwa tumewahi kuzungumza.

"Yule mzee wa pikipiki kahamia wapi?"

Nikamwambia hakuhama, ni mgonjwa, hatarudi tena kazini. Aligeuza viazi vyake kwenye mafuta.

"Anakaa wapi?"

Nilisita, kisha nikamweleza. Nilidhani aliuliza kwa kuuliza tu.

Ijumaa nilipokuwa kwa Mhandisi, baada ya sala, tulisikia hodi uani. Dada yake akamkaribisha mtu, na aliyeingia chumbani alikuwa yule mwanamke. Hakuwa na mkoba wala zawadi. Alisimama akautazama mguu usiokuwepo, shuka ilivyolala bapa.

"Nani huyo?" Mhandisi akauliza.

"Ni mimi," akasema. "Wa viazi."

Mhandisi aliinuka kwa viwiko akaegemea ukuta. Alitafuta kofia kwa mkono, hakuipata, nikampa, akaivaa kisha akaivua. "Karibu, mama. Mpe kiti, binti."

"Sikuja kukaa."

"Vyema."

Alisimama pale na mikono ndani ya leso. Nilitaka kutoka, lakini alikuwa ameziba mlango.

"Siku ile shemeji yangu alikuuliza kitu," akasema. "Ukamjibu pengine. Mimi pengine hiyo nimeilalia miaka yote hii. Nataka kukuuliza mimi mwenyewe. Ungeilazimisha ile mashine, ingeamka?"

"Isingeamka," Mhandisi akasema.

"Unajua, au unanipoza?"

"Najua. Nilijua siku ya pili yake, nilipoifungua. Huyu binti alikuwepo, alisoma kwa macho yake." Nami nikaitikia kwamba ni kweli. "Hata ningeilazimisha, mumeo asingepigwa picha. Njia yake ilikuwa kisiwani, na njia ilikuwa imefungwa."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, mitungi ikigongana, na tulingoja mpaka upite.

"Shemeji alikuuliza baada ya mazishi. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini ulimwambia pengine?"

"Aliniuliza habari za saa ile. Saa ile nilipochomoa waya sikujua kitu. Nilimwona mumeo, nikaona na wale wengine wasiokuwepo, nikachagua bila kujua. Kama ingetokea kwamba ingeamka, ningekuwa nimechagua vile vile. Ningekwambia isingeamka, ungedhani sikuchagua."

"Ungeniambia ningelala."

"Huenda. Na mimi ningelala pia. Ndiyo maana sikuja kukwambia. Sikuweza kujua nakuja kwa ajili ya nani. Nikasema siku ukiniuliza wewe, nitajibu."

Aliketi sasa, ukingoni mwa kiti nilichokuwa nimemwachia. Alilia bila sauti, akajifuta kwa leso, akakaa. Mhandisi alikuwa ameelekeza uso kwake lakini pembeni kidogo, kama wafanyavyo watu wasioona.

"Basi nimekuchukia bure," akasema yule mwanamke.

"Si bure," Mhandisi akasema. "Mtu alikufa."

Alikaa kidogo tena. Kisha akasimama, akajifunga leso, akampita dada mtu uani bila kuaga. Tulisikia ndara zake mpaka zilipofika kwenye lami.

"Amekwenda?" Mhandisi akaniuliza.

"Amekwenda."

Alijilaza taratibu, akageukia ukuta, akaniomba nimvutie shuka. Nilimvutia mpaka mabegani. Mabega yalikuwa yanatetemeka, nami nikakaa pale mpaka yalipotulia.